Kariakoo, Bombay na wale waliombeba Livingstone

Najua nimepotea mno, lawama zote nazipokea. Wiki mbili za tesiti zimenikausha, halafu umeme wa hosteli nao ukaleta zake. Leo nimepata upenyo, na kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, bora nilitoe.

Mwanzo wake ni kiroba cha mchele.

Shangazi yangu ana genge la nafaka Magomeni, na kila akienda kufuata mzigo Kariakoo hunipigia simu mimi, maana kwa hesabu zake mwanachuo ni mtu asiye na kazi. Jumamosi tukanunua, tukamaliza, nikauliza tunapanda gari gani. Mvua ya usiku ilikuwa imeshafanya mambo yake pale Jangwani: Msimbazi umemwaga tope barabarani, foleni imeganda kuanzia Fire, mabasi ya mwendokasi nayo yamesimama. Shangazi akaniangalia juu hadi chini. "Gari la nini, baba? Kijana mzima wewe. Jitwishe twende."

Kiroba chenyewe kilo 25. Kutoka Mtaa wa Mkunguni hadi Magomeni Mapipa sidhani kama zinafika hata kilomita tatu. Jamani! Nafika Fire shingo imeshakuwa gogo. Kushuka bondeni Jangwani (eti mahali panaitwa Jangwani na kila masika panageuka ziwa, aliyepaita hivyo sijui alipita mwezi gani), tope linavuta kiatu, jasho linaingia machoni, nikapitwa na jamaa kabeba viroba viwili, kimoja juu ya kingine, anatembea kama hajabeba kitu. Akacheka bila kugeuza kichwa: "Weka ngata, mwanafunzi, utavunjika shingo!" Shangazi akavua khanga moja, akaiviringa ngata, akaniwekea. Kweli ikawa nafuu.

Tulipofika ng'ambo tukapumzika. Shangazi akawa anafuta tope miguuni, akasema kama mtu anayeongea peke yake: "Babu yangu naye alibeba hivi hivi. Yeye hakurudi."

Sisi kwetu ni Tabora. Huyo babu yake, yaani baba yake babu yangu mimi, alichukuliwa wakati wa vita vya kwanza akabebe mizigo ya jeshi, mtoto wake akiwa bado ananyonya. Barua hakuna, kaburi hakuna. Walingoja miaka, mwishowe wakaweka matanga bila maiti. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo tu, haina mkia. Nimeishi miaka yote hii sijawahi kuisikia, nimekuja kuisikia nikiwa nimekaa juu ya kiroba.

Jumatatu nikaenda maktaba.

Sasa tuanze na Kariakoo yenyewe. Wangapi kati yetu tunaokwenda pale kununua viatu na chaji za simu tunajua jina limetoka wapi? Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na eneo lile, ambalo Wajerumani walikuwa wameshajenga jengo la soko, likawa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Kinywa cha Mswahili kikalichukua jina, kikalilainisha, ikawa Kariakoo. Nairobi nao wanayo Kariakor yao, asili ni ile ile. Soko lilikuja baadaye. Jengo tunalolijua sisi, lile lililochorwa na Beda Amuli, lilifunguliwa 1975 na likaungua Julai 2021. Kwa hiyo ukisema "naenda Kariakoo" unasema naenda kambi ya wabeba mizigo, na kwa kweli hujakosea, maana mizigo bado inabebwa.

Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita ile Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa, vichomi, na unga mbovu usioiva. Kumbukumbu yao hapa mjini ni ile Sanamu ya Askari pale Posta, ya mwaka 1927. Nilikwenda kuitazama upya. Juu kasimama askari na bunduki yake, bayoneti imeelekea bandarini. Mpagazi hayupo. Ila ukisoma maandishi ya chini, yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, wapagazi wanatajwa kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Miguu na mikono. Nikasimama pale nikajiuliza, na vichwa vyao je? Maana mzigo wenyewe ulikaa kichwani.

Nikarudi hosteli na hilo swali. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja anasoma uhandisi, na wahandisi mnawajua. Nikamwambia ile orodha ya wapelelezi tuliyokariri shuleni, Burton, Speke, Livingstone, Stanley, imekaa vibaya. Kuna watu wetu walioijua njia kabla yao na walioijua kuliko wao. Akasema: "Kaka, hao walikuwa vibarua. Walilipwa. Dereva wa daladala akikupeleka Mbagala, amevumbua Mbagala?" Tulibishana hadi saa saba usiku. Haya yafuatayo ndiyo niliyomjibu, pamoja na yale niliyoyakumbuka baada ya yeye kulala, kama kawaida yangu.

Nilianza na Bombay. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa kwenye miaka ya 1820 katika nchi ya Wayao, huko ambako leo Tanzania inapakana na Msumbiji. Akiwa bado mtoto, wafanyabiashara ya watumwa walikivamia kijiji chao, wakamswaga hadi Kilwa, akauzwa, akapelekwa Zanzibar na kisha India. Huko alikaa miaka mingi mpaka bwana wake alipofariki na yeye akawa huru. Akarudi Zanzibar, akaandikwa uaskari wa Sultani, na mwaka 1857 Richard Burton na John Speke wakamkuta kwenye kituo cha askari karibu na Pangani. Wakamchukua.

Ona sasa jambo hili. Speke Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, na lugha aliyoelewana nayo na Bombay ilikuwa Kihindustani. Kwa hiyo mtemi akisema neno kwa lugha yake, linageuzwa Kiswahili, Bombay analigeuza Kihindustani, Speke analiandika kwa Kiingereza kwenye daftari, na miaka miwili baadaye linasomwa London kama utafiti wa Speke. Nikamuuliza mhandisi wangu: hapo katikati pasingekuwa na huyo mtu, daftari lingeandikwa nini?

Msafara uliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, ukafika Kazeh, yaani Tabora, Novemba. Na hapo Tabora hawakuwa wamefika porini kusikojulikana. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa ameshafika Buganda mwaka 1852. Yeye ndiye aliyewaeleza kwamba kaskazini kuna ziwa kubwa kuliko lile la Ujiji. Februari 1858 wakafika juu ya milima inayoitazama Ujiji. Burton alikuwa hawezi kutembea kwa ugonjwa, Speke macho yamemwuma hata haoni vizuri. Burton akaona mstari wa mwanga mbele chini, akamwuliza Bombay ule ni nini. Bombay akajibu kwamba anadhani yale ndiyo maji. Huko ndiko "kugunduliwa" kwa Ziwa Tanganyika: mmoja haoni, mmoja hajui anachokiona, na wa tatu anawaambia. Na wavuvi wa Ujiji walikuwa wako majini tangu asubuhi.

Agosti mwaka huo huo Speke alifika karibu na Mwanza, Bombay akiwa naye, wakalitazama lile ziwa alilolisimulia Snay. Kati ya 1860 na 1863 walizunguka tena na Grant kupitia Karagwe na Buganda, wakautafuta mto Naili wakashuka nao mpaka Misri. Safari hiyo Speke alimpiga Bombay ngumi za uso. Stanley anaeleza kwamba meno ya mbele ya Bombay yalitoka kwa ngumi hizo. Halafu Stanley naye akamwajiri mwaka 1871, naye akamchapa. Mwaka 1873 akaondoka Bagamoyo na Cameron, wakatembea mpaka Bahari ya Atlantiki, wakatokea Benguela, Angola, Novemba 1875. Cameron akapokewa kama Mzungu wa kwanza kulivuka bara kutoka mashariki hadi magharibi maeneo haya. Said bin Habib, mfanyabiashara wa Zanzibar, alikuwa ameshafika pwani hiyo ya Angola miaka mingi nyuma yake, kwa biashara zake, bila makofi.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay nishani ya fedha, na mwaka 1876 kikampa pensheni ya pauni 15 kwa mwaka. Alifariki Oktoba 1885. Kilomita alizotembea kwa miguu zinahesabiwa kuwa zaidi ya 9,000. Mimi kilomita tatu nilipumzika mara nne.

Lakini Bombay angalau tunamjua jina. Tukirudi kwa wapagazi wenyewe, mambo yanakuwa mazito. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama kilo 30, na hapo hujahesabu mkeka wake, sufuria yake, chakula chake na wakati mwingine bunduki. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni kama kilomita 1,200. Mbele anatangulia kirangozi na bendera, ngoma inalia, nyuma mstari mrefu wa watu na majora ya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Hizo ndizo zilikuwa pesa. Mzungu asiye na majora ya kutosha hakufika popote. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, kama ipo. Ukipita Ugogo unatoa hongo kwa kila mtemi, na neno hongo wakati huo lilikuwa ushuru halali kabisa, kama mnavyolipia kivuko cha Kigamboni. Lilivyoharibika baadaye mnajua wenyewe.

Masika ndiyo ilikuwa kiboko. Stanley aliondoka pwani Machi 1871 akakutana na mbuga ya Makata, kule upande wa Kilosa, imejaa maji na tope kwa siku nyingi, watu wanazama hadi viunoni na mizigo kichwani. Nilipoisoma sehemu hiyo nilicheka kwa uchungu, maana niliwaza Jangwani. Ukishatoka Ugogo kuelekea Tabora unakutana na kinyume chake, Mgunda Mkali, nchi kavu ya miiba isiyo na maji wala vijiji vya kununua chakula. Huko misafara ilitembea jua la mchana, ikalala bila maji, ikaamka ikatembea tena. Ndui ikiingia kwenye msafara, asiyeweza kutembea aliachwa njiani. Burton anaandika juu ya mifupa iliyokuwa kando ya njia. Hao wazungu wawili aliosafiri nao Stanley, Shaw na Farquhar, walifia njiani wote wawili, na tunajua majina yao. Wapagazi waliokufa safari ile ile wengi wameandikwa kama hesabu ya mizigo iliyokosa wa kuibeba.

Wanyamwezi, watu wa kwetu, hii kazi ilikuwa fani yao. Vijana walikwenda pwani na kurudi, msimu wa kilimo wakalima, na kijana ambaye hajawahi kuiona bahari alionekana bado mtoto. Walijua bei yao. Msafara ukiwa na njaa au mkuu wake akiwa katili, usiku walitoweka na nusu ya ujira waliyolipwa mbele. Wazungu kwenye vitabu vyao wanalalamika kurasa na kurasa kuhusu "utoro". Mimi nikiusoma utoro huo naona mgomo. Sisi hapa chuoni bumu likichelewa wiki moja tunafanya nini?

Sisemi walikuwa malaika. Misafara ile ile ilibeba pembe na kuswaga watumwa, na baadhi ya waliobeba walikuwa watumwa wenyewe. Bombay aliyeuzwa Kilwa akiwa mtoto alikuja kupita njia zilizokuwa zikipitisha watoto wengine. Hilo nalo ni letu, haliwezi kufagiliwa chini ya mkeka.

Sasa nifike kwa hawa walioninyima usingizi.

David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, kusini mwa Ziwa Bangweulu. Hapakuwa na mzungu mwingine hata mmoja. Walikuwepo watu kama sitini, na viongozi wao wakawa Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, na James Chuma, Myao aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861 akiwa kijana mdogo. Kumzika pale pale lilikuwa jambo rahisi na la busara. Hakuna ambaye angewalaumu. Wakakaa baraza, wakaamua wampeleke pwani.

Angalieni walivyofanya. Kwanza masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyesomeshwa India, akaandika kila kilichokuwemo, ili kesho asije mtu kusema wameiba. Hiyo ni akili ya ofisi, tena katikati ya pori. Halafu Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, akautoa moyo na matumbo, vikatiwa kwenye debe, vikazikwa chini ya mti, Jacob akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye mti ule. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani siku 14, ukafungwa kwa nguo na magome ya mti, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Ukaning'inizwa kwenye mti, wakajitwisha.

Miezi tisa. Zaidi ya kilomita 1,600. Mwanzoni tu karibu msafara mzima uliugua, wakakaa chini kama mwezi mzima, wengine wakafa. Kijiji kimoja kiliwafungia milango, wakapigana nacho na damu ikamwagika. Wanawake walikuwemo: Halima, mpishi wa Livingstone, alitembea njia yote hiyo, na Ntaoeka, mke wa Chuma. Kulikuwa na binti mdogo, Losi. Alikuwa anatembea na mtungi wa maji kichwani, nyoka akamgonga pajani, akafa kabla hata hawajajua wafanye nini. Majina ya watoto ni machache sana kwenye vitabu hivi, na hili lipo kwa sababu hao wenzake walilikumbuka na kulisimulia.

Oktoba 1873 walifika Tabora wakamkuta Cameron, aliyekuwa anakwenda kumtafuta Livingstone yule yule. Bombay alikuwa kwenye msafara wa Cameron, kwa hiyo hawa watu wamekutana, na natamani kujua waliongea nini usiku huo. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo, njia ya mbele ni mbaya, watu hawapendi maiti ipite nchini kwao. Yeye alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, na maiti ni ya Mwingereza mwenzake. Wakakataa. Akachukua baadhi ya vifaa vya kupimia vya marehemu akavitumie yeye, hilo wakashindwa kulizuia. Maiti hakuipata.

Na ikawa kweli, mbele kidogo wenyeji wakagoma maiti isipite. Basi wakafanya kitu ambacho nikikisoma nacheka peke yangu. Usiku wakatengeneza maiti ya uongo, mabua ya mtama yamefungwa vizuri kwa nguo, wakawapa watu sita wairudishe Tabora eti wamekubali kuzika. Wale sita walipofika mbali wakayatawanya mabua porini, wakazunguka wakawafuata wenzao. Huku nyuma maiti ya kweli imeshafungwa upya ikafanana na robota la nguo la kawaida, ikapita machoni mwa watu kama bidhaa. Haya, mhandisi, niambie huo ulikuwa mkono au mguu?

Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Wakalipwa ujira wao, wakaambiwa ahsanteni, kila mtu aende kwake. Meli ikauchukua mwili. Alipozikwa Livingstone katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, kati ya wale watu sitini alikuwepo mmoja tu, Jacob Wainwright, tena nauli yake ililipwa na wamisionari. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha, wakasaidia kutengeneza kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone, maana bila maelezo yao mwisho wa hadithi haukuwepo. Nishani za watu sitini zilichongwa. Zilipofika Zanzibar wenyewe wengi walikuwa wameshatawanyika. Na jiwe la kaburi kule London linasema mwili uliletwa na mikono miaminifu kupita nchi kavu na bahari. Mikono tena! Mwaka 1874 mikono, mwaka 1927 pale Posta miguu na mikono.

Kuna mmoja zaidi siwezi kumwacha, anaitwa Safeni. Alikuwa nahodha wa mashua ya Stanley katika safari ya 1874 hadi 1877, ile ya kuufuata mto Kongo hadi Atlantiki. Waliondoka pwani yetu watu zaidi ya 300, na waliofika Boma hawakutimia 120. Wengine walikufa kwa vita, njaa, ndui na maporomoko ya maji, wengine walitoroka. Wakiwa wamekaribia, Safeni akaambiwa bahari haiko mbali. Akafurahi mpaka akili ikamruka. Akamchukua kasuku wake akamweka begani, akaingia msituni, anakwenda baharini, anakwenda nyumbani. Wakatumwa watu kumtafuta wasimpate. Stanley anaendelea na ukurasa unaofuata. Mimi nilifunga kitabu nikaenda kunywa chai.

Na Dar es Salaam yetu imo humu. Mei 1879 msafara mwingine wa Chama cha Jiografia ulianzia hapa hapa mjini, ukielekea Ziwa Nyasa, mkuu wake Keith Johnston na msaidizi wake Joseph Thomson. Msimamizi wa wapagazi alikuwa Chuma, yule yule. Mwezi uliofuata Johnston akafa kwa kuhara damu pale Behobeho, Rufiji. Thomson alikuwa na miaka 21 na hakuwahi kuongoza hata foleni. Msafara ulifika maziwani na kurudi pwani mwaka 1880, Thomson akawa maarufu. Chuma alifariki Zanzibar 1882, Susi alifariki huko huko 1891.

Behobeho ilikuja kupigwa vita Januari 1917, Waingereza na Wajerumani, na mwindaji Frederick Selous aliuawa hapo. Kaburi lake lipo, lina jiwe, watalii wanapelekwa. Mizigo ya jeshi lake ilibebwa na watu wa Kariakoo. Siwezi kusema babu yetu alikuwa miongoni mwao. Angeweza kuwa popote, Rufiji, Mahenge, Lindi. Hata alibebeshwa na Mjerumani, Mbelgiji au Mwingereza, nyumbani hakuna anayejua.

Mhandisi wangu alikubali nusu. Alisema mabua ya mtama yamemshinda, ila bado hataki neno wapelelezi, maana upelelezi ni kuandika ramani na kuichapa. Nadhani hapo ana hoja kidogo. Jacob aliandika shajara yake, Selemani bin Mwenye Chande alisimulia safari yake ya bara kwa Kiswahili na ikachapwa na Mjerumani Velten mwaka 1901, lakini wengi waliifahamu njia na wakafa nayo kichwani. Mwaka 2019 Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe, alitoa riwaya ambayo Halima na Jacob ndio wanaosimulia safari ya maiti. Nimeiona, sijaimaliza, mwenye nakala asiyeitumia anitafute.

Jana jioni nikampigia Shangazi. Shikamoo, marahaba, nikamsimulia yote, Bombay, mabua, Losi na nyoka wake. Alikuwa anasikiliza huku anapima mtu maharage, nasikia kopo linagonga.

"Miezi tisa?" akasema. "Wamembeba mtu wa watu miezi tisa, akazikwe kwao?"

"Ndiyo, Shangazi."

Kopo likanyamaza.

"Na wa kwetu nani alimbeba?"

Nikakaa kimya, naye akakaa kimya, salio langu linakwisha. Kisha akaniambia Jumamosi hii mzigo ni maharage, viroba viwili, na nije na ngata yangu mwenyewe.